Mpini

Mimi mchomeleaji, karakana ya Njoro, Moshi,
nyuma ya mashine ya kusaga; fuata cheche, utaniona.
Nina mabosi wawili na mlango mmoja.

Ndeonansia huingia saa moja na robo,
kalenda kwapani, kalamu nyekundu sikioni,
na salamu yake ni tarehe:
"Fundi Mbonea, leo kumi na mbili. Bati liko wapi?"
Huku anajua. Lori limelala mizani ya Himo,
dereva kazima simu, na namba ya mke wa dereva anayo.
Shilingi ikidondoka kwenye vumbi la chuma
ataiokota, ataiandika, ataibana kwa pini.

Eliamringi hana saa.
Huja na matope ya Uru kwenye buti,
ananuka maganda mabichi ya kahawa,
anakalia ndoo ya rangi, ananyamaza weee, halafu:
"Fundi, mama mwenye mtoto mgongoni
mpini huu atauzungusha kwa mkono upi?"
Nami nimeshika koleo. Sina jibu.

Wageni wa benki wakiuliza, "Meneja ni nani?"
wote wawili hugeuka.
Meneja wa mradi, meneja wa bidhaa.
Mama Shose wa chai akasema, hao ni wali na ubwabwa,
tofauti ni sahani.

Nilicheka, mpaka wiki ile ya Juni,
baridi, mlima umejifunika gubigubi.
Eliamringi alitaka mpini ushuke.
Inchi nne, miguu ikatwe. Alikuwa amepima mabega kumi na saba
kwa kamba ya katani, kila bega fundo lake.
Ndeonansia akafungua kalenda.
"Miguu minne mara mashine arobaini, na rangi upya: siku sita.
Siku sita, kahawa imeiva, imedondoka, imeoza."
"Na mashine isiyozungushika, imefika wapi?"
"Imefika."
"Kwa nani?"

Jenereta likakohoa.
Nikajiuliza, hapa aliyeshika mpini ni yupi?
Maana makali nimeyashika mimi, na yana moto.

Tukamaliza kwa tarehe yake. Mashine arobaini za kumenya kahawa,
kijani kibichi, chenji ikarudi pamoja na risiti.
Soda, picha, risala. Mradi ukafungwa,
ndivyo wanavyosema, ukafungwa, kama gunia.
Kesho yake Ndeonansia yuko Same kwenye mabomba ya maji,
kalenda mpya, tarehe bado changa.
Getini alilia kidogo. Hilo sikulitarajia.

Eliamringi hayumo kwenye picha hata moja.
Kwake, siku ile ndiyo kwanza kulikucha.
Akapanda Uru, akashuka, akapanda tena,
wiki ya tatu akarudi kukalia ndoo yake.

"Mashine kumi na moja, kuku wanalala juu yake.
Lakini mama Ndeshukurwa kasimama juu ya kreti la bia,
mtoto mgongoni, anazungusha.
Kahawa yake imewahi jua."
Akakuna kichwa, akatazama geti.
"Bila yule dada, lile kreti angelipanda amenyee nini?"

Basi tukate miguu. Sawa.
Fimbo za kuchomelea pakiti mbili, diski moja ya kukatia.
Nani anasaini? Mradi umefungwa,
na bidhaa haina daftari la stoo.
Nikampigia Same. Upepo ulivuma ndani ya simu.
"Nunua," akasema. "Risiti usipoteze, nitaitafutia pa kukaa."
Kisha, kama ninavyomjua:
"Unamaliza lini?"

Sijajibu, sauti begani kwangu:
"Anza na ya mama Ndeshukurwa. Lile kreti ni la watu."

Nikashusha miwani.